Chokaa ya Kilwa na Hewa ya Chumbani

Tukiitaja Kilwa Kisiwani huwa tunaanza na dhahabu ya Sofala. Tunaendelea na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14 na jumba lake la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100. Kisha tunamtaja Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 na kuusifu mji, tunawalaani Wareno wa mwaka 1505, na mazungumzo yanakwisha. Leo nataka kuwazungumzia waashi, na hasa namna walivyoitumia hewa.

Utaniuliza, hewa na uashi wapi na wapi? Subiri kidogo.

Nyumba za mawe za Kilwa na za jirani yake Songo Mnara zina vyumba virefu na vyembamba. Sababu ni boriti. Mti wa mkoko unaofaa kubeba dari ya mawe na chokaa hauvuki sana meta 3, kwa hiyo aliyeamua upana wa chumba ni mkoko, si mwenye nyumba. Tena vyumba vya ndani kabisa havikuwekewa madirisha. Hata hivyo, ukisimama katika magofu yale utaona lipu bado imeng'ang'ania ukutani baada ya miaka zaidi ya 500. Ilishikaje mle ndani?

Wengi wetu husema chokaa "hukauka". Sivyo. Chokaa ikikauka bila kupata hewa hubaki unga, ukiipitishia kidole inatoka. Kinachoigeuza kuwa jiwe ni hewa ya ukaa, ile tunayoitoa puani, ile inayotoa mapovu katika soda.

Jiwe la matumbawe limeishikilia hewa hiyo tumboni mwake. Lichome kwa moto wa karibu nyuzi 900 na hewa hutoka. Katika kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 hupaa angani, na zinazobaki tanuuni ni kilo 56. Wachomaji wa pwani yetu hupanga magogo kwa duara, hurundika matumbawe juu yake, na huacha tundu katikati ili moto uvute pumzi. Moto ukikosa hewa, mawe hutoka mabichi. Wala si vyema mtu kulala ubavuni mwa tanuu linalowaka, maana hewa ya ukaa ni nzito na hutambaa chini. Huko Uingereza zamani, maskini waliojilaza karibu na matanuu ya chokaa wakati wa baridi ili wapate joto walikutwa asubuhi wamekufa.

Chokaa ikitoka motoni hunyweshwa maji, kisha hufunikwa. Hapa hewa inageuka kuwa adui. Chokaa iliyoachwa wazi huanza kuivuta ile hewa iliyoipoteza, na hurudi kuwa jiwe kabla haijafika ukutani. Fundi akiichota huiona haina nguvu tena. Kwa hiyo huifunika, huiweka unyevu na kungoja.

Ikishapakwa ukutani, mambo yanapinduka tena. Sasa lipu inaidai hewa ya ukaa, na inaidai kwa wingi. Tufanye hesabu kidogo. Chukua chumba chenye upana wa meta 2.5, urefu meta 8 na kimo meta 3. Hiyo ni meta 60 za ujazo. Katika enzi za al-Hasan hewa ilikuwa na sehemu karibu 280 za hewa ya ukaa katika kila milioni. Leo zimepita 420, kwa sababu ya viwanda na magari. Maana yake chumba kizima cha Sultani kilikuwa na hewa ya ukaa gramu 30 tu. Lakini kilo 1 ya chokaa iliyonyweshwa maji inataka gramu 600 hivi ili igeuke jiwe. Yaani hewa yote ya chumba ibadilishwe mara 20 kwa kilo moja, na lipu ya kuta nne za chumba kama hicho haipungui kilo 100! Mfungie mwashi mlango, na kazi yake yote itabaki unga.

Wakulima wa Uholanzi wanaootesha nyanya ndani ya nyumba za vioo wanalijua tatizo hili. Wakifunga madirisha, mimea huimaliza hewa ya ukaa iliyomo, kwa hiyo huingiza nyingine kwa mabomba, wakati mwingine hadi sehemu 1,000 katika milioni. Mwashi wa Kilwa hakuwa na bomba. Alikuwa na mlango, na pepo za kusi na kaskazi. Hata upepo ulihitaji kipimo, maana ukivuma mkali hukausha lipu, na bila unyevu hewa ya ukaa haifanyi kazi. Ukuta ukirowa mno nao, vitundu vyake hujaa maji na hewa haipenyi. Ni kazi ya kulowesha, kuacha na kulowesha tena, na ndani ya ukuta wa unene wa nusu meta inaweza kuchukua miaka mingi.

Ni katika miaka ya 1750 ndipo Joseph Black, daktari wa Scotland, alipoonyesha kuwa jiwe la chokaa lina hewa iliyofungwa ndani yake, na kwamba pumzi ya mtu ikipulizwa katika maji ya chokaa huyafanya yawe meupe kama maziwa. Husuni Kubwa ilikuwa imekwisha kupita miaka 400. Ajabu ni kwamba Ibn Battuta aliandika kuwa Kilwa imejengwa kwa miti. Mimi nadhani aliandika alichokiona kwa wingi, nyumba za watu wa kawaida.

Kilichotusahaulisha haya yote ni saruji. Saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824, hushikana kwa maji peke yake, hata chini ya bahari. Ukishaipaka waweza kufunga mlango ukaenda zako. Kiwanda chetu cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966, fundi kijana hakuwa na haja tena ya kujifunza subira ya chokaa. Kwa nyumba ya matofali si neno. Balaa ni pale saruji inapotumika kuziba nyufa za ukuta wa matumbawe. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke. Unyevu na chumvi ya bahari hufungiwa nyuma yake, na jiwe la kale humomonyoka huku kiraka kikibaki kizima.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 vikawekwa kati ya maeneo yaliyo hatarini, na kutolewa huko mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Nyumba za kale za Kilwa Kivinje hazina bahati hiyo. Mwenye nyumba pale, ufa ukitokea, hununua mfuko mmoja wa saruji kwa sababu ndio unaopatikana dukani, na simlaumu. Chokaa ya tanuu inataka magogo mengi, na mikoko ndiyo inayozuia mawimbi yasile ufuko chini ya magofu yaleyale. Mawe ya kuchoma yanaweza kuchimbwa nchi kavu, katika miamba ya matumbawe ya kale, ili yale yaliyo hai baharini yaachwe kwa samaki. Bado hatujasema kuni zitatoka wapi.