Unathamini Nini Khasa? Bi Harusi na Historia ya Rufiji



Siku hizi bi harusi hapewi hina na singo tu. Kabla ya nikahi huketishwa kwenye semina, au mbele ya somo wake, akaambiwa aandike mambo matano anayoyathamini maishani ili yamwongoze katika maamuzi. Makaratasi hayo tumeyaona mengi, na karibu yote yanafanana: dini, familia, uaminifu, elimu, amani. Hayana kosa. Nani atayakataa? Tabu huja pale mawili kati ya hayo matano yanapogombana. Mume amepata kazi Muscat na anataka mwende pamoja, na mama yako mgonjwa yuko Wete. Familia ipi hapo? Karatasi iko kimya.

Ndiyo maana safari hii tumeona tuende kwenye historia, na wala si ya mbali. Anayelala chali katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe huenda anaitazama Rufiji bila kujua. Boriti nyingi za mikoko zilizobeba dari zetu zilikatwa katika delta ile, zikaletwa kwa majahazi, na nyingine zikapita hadi Oman na Ghuba. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ilikuwa na urefu wake na haikuongezeka. Mchele nao, katika karne ya 19, ulikuwa ukija huku kutoka bonde lile lile.

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lindi, ukishavuka Mto Rufiji utafika Nyamwage, mahali inapochepuka njia ya Utete, kiasi cha kilomita 34. Leo unavuka mto kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walisubiri pantoni pale Ndundu, na mto ukijaa walisubiri sana. Mto huo ndio ulioamua karibu kila kitu katika maisha ya wanawake wa huko.

Sisi wa kisiwani tukisikia mafuriko tunafikiria balaa. Mrufiji ana hesabu nyingine. Maji ya wastani ni rizki: yanapanda bondeni, yanaacha tope lenye rutuba, na yakishashuka watu wanapanda mahindi, kunde na maboga kwenye unyevu uliobaki. Kilimo hicho wanakiita mlau. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, ukue pamoja na maji. Maji yakizidi, mpunga unakwenda lakini mlau unaweza kuwa mzuri. Yakikosekana, vyote viwili vina hatari. Ndege, ngedere, nguruwe na kiboko nao wanataka fungu lao. Kwa hiyo watu walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na familia ikahamia humo miezi ya kulinda. Kina mama walipikia huko na kulelea huko.

Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa. Serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, na watu wa bondeni wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa katika nchi ya juu, pande zote mbili za mto. Hii ilikuwa miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliyoigusa karibu Tanzania Bara nzima. Hoja za serikali hazikuwa za kubezwa: usalama, skuli, zahanati, maji ya kunywa. Mama gani asiyeyataka hayo? Lakini ardhi ya juu ni ya mchanga, haishiki mpunga kama bondeni. Skuli ikawa huku, chakula kikawa kule, na kati yake mwendo mrefu wa miguu.

Hapa ndipo tunapowataka dada zetu wasimame kidogo. Mwanamke wa Rufiji wa mwaka 1969 hakuwa akichagua kati ya jema na baya. Kumsomesha mtoto ni jema. Kumlisha ni jema, tena ni wajibu. Kukaa na mume ni jema. Akibaki kijijini, mpunga unaliwa na ndege. Akishuka bondeni na watoto, skuli inakosa wanafunzi, jambo lililowasumbua walimu wa bonde lile kwa miaka mingi. Akiwaacha watoto kwa bibi yao, anakuwa mama wa mbali miezi kadhaa ya mwaka. Hakuna jibu lisilo na gharama, na nyumba moja haikujibu kama jirani yake. Ungeziuliza nyumba zote hizo zinathamini nini, zote zingesema watoto. Tofauti ungeiona msimu ulipofika, kwa kutazama nani ameshuka, nani amebaki, na nani amerudi nusu ya njia.

Kwa maoni yetu, thamani za mtu zinaonekana pale. Ni lile analolishika mkononi wakati hawezi kushika mawili, na anayetaka kujijua atazame hapo kabla ya kuandika lolote.

Yuko mwanamke mwenye asili ya Rufiji ambaye maisha yake yanatuonyesha jambo hili kwa upana zaidi, naye ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma kidogo, akavunja ungo, akatolewa skuli na kuwekwa ndani kama wasichana wengi wa Kiislamu wa wakati wake, kisha akaolewa akiwa na miaka kama 14. Ndoa hiyo haikudumu. Alijulikana mjini kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na alikuwa akiimba kwenye maulidi. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Jina lililoletwa ni la Bibi Titi. Alipita kwa wanawake wa vikundi vya ngoma, waliokuwa wakimjua na kumwamini, na katika muda wa miezi michache maelfu wakachukua kadi. Watu humkumbuka kwa sauti yake. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa alichokifanya mambo yalipokuwa magumu, maana kusema mbele ya umati unaokushangilia hakumgharimu mtu kitu.

Uchaguzi wa mwaka 1965 alishindwa katika kiti cha Rufiji, kwa watu wake mwenyewe. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likawakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa na nyumba. Angeweza kukubali kwa mdomo, akabaki na cheo na kutafuta njia ya pembeni. Hakufanya hivyo, alijiuzulu kwenye Kamati Kuu. Wako waliomwita mbinafsi, na hatutaki kulimaliza jambo hilo hapa. Nia ya azimio lile ilikuwa kumlinda mnyonge, na wengi walilipenda kwa dhati. Lakini sisi kama wanawake tunausoma uamuzi wake kwa jicho jingine. Msichana aliyetolewa skuli bila kuulizwa na kuachika mapema anajua paa lenye jina lake lina maana gani. Na dini yetu haimwonei haya mwanamke mwenye mali: mahari ni yake, urithi ni wake, anachokichuma ni chake.

Alilipa. Mwaka 1969, watu wa bondeni wakiwa katika kuhamia vijiji vipya, yeye alikamatwa. Kesi ya uhaini ilianza 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akatoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Mwalimu Nyerere. Alitoka akakuta ndoa imevunjika na marafiki wengi wamepungua. Heshima yake ilirudi taratibu, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Alifariki Johannesburg, Novemba 2000.

Hatusemi kila bi harusi awe Bibi Titi (na mama wakwe wasitulaumu). Tunasema jambo dogo zaidi. Kabla hujaandika unathamini nini, tazama nyuma ulilipia nini. Lini ulisema hapana kwa mtu unayempenda, na ilikuwa juu ya nini? Posa ipi uliikataa, na sababu ya kweli ilikuwa ipi, si ile uliyomwambia shangazi? Ramadhani iliyopita saa zako zilikwenda wapi? Mwenye kusema anathamini elimu, lakini mara tatu ameacha masomo kwa sababu hakutaka kumuudhi mtu, pengine anathamini amani ya nyumba kuliko elimu. Si aibu, ila ni vizuri alijue kabla hajaahidi jingine.

Tunaye pia Ummu Sulaym, Allah amridhie. Abu Talha alipomposa alikuwa bado hajasilimu, na yeye akasema mahari yake ni Uislamu wake, hataki kingine. Watu huisimulia kama kisa cha mahari nafuu. Sisi tunaona jambo jingine pia: alijua jibu lake kabla mposaji hajafika, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuyumba alipofika.

Mwambie basi mchumba mapema, kwa upole na mbele ya walii wako, lile moja usiloweza kuliacha. Si kumi, moja au mawili. Kama ni kazi yako, sema kazi. Kama ni kumtunza mama, sema mama, na muulize atakaa wapi. Msikilize na yeye, kwa sababu naye ana bonde lake na skuli yake. Yale yanayohitaji kuwa sharti, mpelekeeni sheikh au kadhi awaelekeze lipi linafaa kuandikwa. Mengine yote mtaelewana mkiwa ndani, in sha Allah.

Aprili 2024 maji yalipanda tena Rufiji. Muhoro ilifunikwa, nyumba na mashamba, na familia zikaelekezwa viwanja vya juu Chumbi. Swali la mwaka 1968 likarudi kwa wajukuu wa walioulizwa mara ya kwanza, na maji yaliposhuka, ardhi ya mlau ilikuwa pale, nyeusi na laini, ikingoja mbegu.