Malipo ya Ukaaji Rufani Ikisubiri: Hoja kutoka Mashauri ya Pango ya Mwanza

Fremu ya duka mjini Mwanza, iwe Makoroboi au karibu na mwalo wa Kirumba, mara nyingi hukodishwa kwa kodi ya miezi sita au ya mwaka, inayolipwa kabla ya kupewa funguo. Mgogoro ukizuka na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likamwamuru mpangaji atoke, anazo siku 45 za kukata rufani Mahakama Kuu. Swali la nani mwenye haki linawekwa kiporo, lakini matumizi ya fremu yanaendelea. Kila mwezi unaopita una thamani yake, na hadi rufani iamuliwe kuna mtu anayeikosa.

Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, Amri ya 39 kanuni ya 5, inasema kukata rufani peke yake hakusimamishi utekelezaji. Mrufani aombe bila kuchelewa, aoneshe kuwa atapata hasara kubwa, kisha atoe dhamana ya kutimiza hukumu itakayomfunga mwishoni. Ugumu unaanzia kwenye dhamana hiyo. Katika deni la fedha kiasi kinajulikana, hivyo hati ya benki inatosha. Amri ya kutoka kwenye jengo haina kiasi. Hasara ya mwenye nyumba huongezeka kadiri siku zinavyokwenda. Mahakama ya Rufani ililegeza kidogo sharti kama hilo katika maombi ya madai Na. 11 ya mwaka 2010 yaliyoihusu kampuni ya Mantrac Tanzania, ilipokubali kwamba ahadi thabiti ya kutoa dhamana ndani ya muda utakaopangwa yaweza kutosha. Hata hivyo, ahadi haizai dhamana kwa asiye nayo. Mchuuzi wa dagaa asiye na hati ya kiwanja ataondolewa na dalali wa mahakama kabla hajasikilizwa, ilhali mwenye mtaji mkubwa ataweka hati yake na kukaa bure hadi rufani imalizike. Naona dhuluma pande zote mbili.

Ipo njia ya kumfidia mwenye nyumba: Amri ya 20 kanuni ya 12 inaruhusu mahakama kuamuru malipo ya kipindi ambacho mtu alikalia mali bila haki. Lakini malipo hayo huja mwishoni, yakiwa yamelimbikizwa. Mpangaji aliyeshindwa hukabidhiwa deni linaloweza kumaliza mtaji wake wote, na mwenye nyumba hushika hukumu asiyojua ataitekeleza kwa nani.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba sharti la kawaida la kusimamisha amri ya kumwondoa mpangaji liwe malipo ya kila mwezi, na dhamana ya mkupuo ibaki kwa kesi za pekee. India, ambako kanuni zetu zilichotwa kupitia sheria yao ya mwaka 1908, Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua hivyo mwaka 2004 katika shauri la Atma Ram Properties: mahakama ya rufani inaweza kumtaka mpangaji alipe kiasi cha haki cha ukaaji, hata kikizidi kodi ya mkataba. Kwenye kiasi ndipo ninapotofautiana nao. Tangu sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi ifutwe mwaka 2005, bei ya pango huachiwa mapatano. Kutafuta bei ya soko katika maombi ya dharura ni kuanzisha kesi nyingine, ya wathamini na viapo kinzani. Kodi ya mwisho iliyolipwa inatosha kwa muda. Tofauti ihesabiwe rufani ikiisha.

Wenye nyumba wana hofu ya msingi: anayepokea kodi baada ya notisi aweza kuambiwa amefufua mkataba. Fedha zipitie mahakamani, na amri iseme wazi kuwa ni malipo ya ukaaji yasiyoathiri haki ya yeyote. Kauli hiyo itamlinda pia mrufani anayedai kuwa jengo ni lake, asionekane amekiri upangaji kwa kulipa.

Asipolipa je? Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mpangaji maskini husamehewa dhamana na kupangiwa malipo ya vipindi, lakini akikosa kulipa anaweza kupoteza rufani yenyewe. Tusiwafuate huko. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kukata rufani. Kinachopaswa kukoma ni zuio la utekelezaji, baada ya onyo moja la maandishi. Rufani iendelee.

Mahakama Kuu Mwanza haihitaji kusubiri Bunge, kwa kuwa kanuni ya 5 inaipa nafasi ya kupanga masharti haya leo. Itazame tu maisha ya watu wa mwalo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kipato hupungua. Tarehe ya kulipa ipangwe kwa kulijua hilo. Na aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita mbele asianze kudaiwa malipo ya ukaaji hadi miezi hiyo iishe.