Saa Kumi na Moja Jioni, Nani Alitulizwa?

Jioni ikifika, watu wengi wenye dimenshia hubadilika. Wanazunguka, wanapiga kelele, wanadai kurudi kwao ilhali wako kwao. Kama umeishi na shosho wa hivyo, unajua si mchezo. Nyumba nzima hailali. Hapo ndipo dawa za saikosisi zilipopata mlango.

Dawa zenyewe hazikutengenezewa wazee hawa. Mwaka wa 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa akili klopromazini, na wodi zilizojaa mayowe zikatulia. Mwaka wa 1958 maabara ya Paul Janssen, Ubelgiji, ikatoa haloperidoli. Wagonjwa wengi walisaidika kweli. Lakini utulivu ule uliwavutia pia wenye nyumba za kulelea wazee. Wahudumu wachache, wazee wengi, usiku mrefu: tembe ni rahisi kuliko kuajiri mtu wa pili.

Marekani ililiona hilo. Sheria ya 1987 iliwapa wakaazi wa nyumba hizo haki ya kutofungwa, iwe kwa kamba au kwa dawa, eti ndio kazi ya wahudumu iwe rahisi.

Biashara haikukoma. Miaka ya 90 zikaja dawa mpya, ikiwemo Zyprexa ya Eli Lilly. Wauzaji wake walikuwa na msemo: miligramu 5 saa kumi na moja jioni, na mzee atalala. Dimenshia haikuwa kwenye kibali cha dawa hiyo. Januari 2009 kampuni ilikiri kosa na kukubali kulipa dola bilioni 1.415.

Wakati huo hatari ilikuwa imeshajulikana. Mwaka wa 2005 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipitia majaribio 17. Katika jaribio la kawaida la wiki 10, walifariki takriban wazee 45 kati ya kila 1,000 waliopewa dawa, na 26 kati ya waliopewa tembe tupu. Uingereza nayo, ripoti ya Profesa Sube Banerjee ya 2009 ilikadiria kwamba watu 180,000 wenye dimenshia walipewa dawa hizi kila mwaka. Waliofaidika hawakuzidi 36,000. Vifo vya ziada: 1,800.

Kuna wakati daktari atalazimika kuziandika, mgonjwa akiwa hatarini kujiumiza au kuumiza wengine. Hata hivyo, ni dozi ndogo, muda mfupi. Lakini shosho akipiga kelele, uliza kwanza: anaumwa wapi? Ana njaa? Mkojo unamchoma? Tembe itamnyamazisha kabla hajajibu.