Somo la Historia: Mpira wa Wanawake na Swali la Mwenye Klabu

Leo tutazame habari ya mpira wa miguu wa wanawake katika Uingereza, na ndani ya habari hiyo tutafute jibu la swali moja: nani mwenye klabu? Pengine mtaliona swali hili kuwa dogo. Watu husema mpira ni miguu na pumzi, na mambo ya nani mwenye klabu ni kazi ya makarani. Lakini mtaona kwamba wanawake hao walikuwa na miguu na pumzi, na watazamaji hata viwanja vikafurika, na juu ya hayo yote wakanyimwa mchezo wao kwa azimio moja tu.

Tuanze na mji wa Preston, kaskazini magharibi ya Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wanaume wengi walikwenda vitani, na wanawake wakaingia viwandani kushika kazi zao. Preston palikuwa na kiwanda kiitwacho Dick, Kerr, ambacho wakati wa vita kilitengeneza silaha. Wasichana wa kiwanda hiki walizoea kucheza mpira uani saa za mapumziko. Siku ya Krismasi ya mwaka 1917 timu yao iliingia katika kiwanja cha Deepdale, ambacho ni nyumbani kwa klabu ya Preston North End, ikacheza na wanawake wa kiwanda kingine. Walikuja watazamaji yapata 10,000. Dick, Kerr wakashinda mabao 4 kwa 0, na fedha za mlangoni zikaenda kusaidia askari waliojeruhiwa.

Vita ilikwisha mwaka 1918, na wanaume wakarudi kazini. Wengi walidhani mpira wa wanawake nao utakwisha. Haukwisha, bali ulizidi kukua. Miongoni mwa wachezaji alikuwako Lily Parr, mzaliwa wa mji wa St Helens, aliyeanza kuichezea Dick, Kerr akiwa bado binti mdogo, naye alisifiwa kwa nguvu ya mguu wake wa kushoto. Tarehe 26 Desemba 1920 timu hii ilicheza na wanawake wa St Helens katika kiwanja cha Goodison Park, mjini Liverpool. Watu 53,000 waliingia, na maelfu wengine wakarudi makwao kwa kukosa nafasi. Zilipatikana zaidi ya paundi 3,000 kwa ajili ya kusaidia wenye shida, nazo zilikuwa fedha nyingi sana kwa siku zile.

Haukupita hata mwaka mmoja. Tarehe 5 Desemba 1921 wakuu wa Chama cha Mpira cha Uingereza, kiitwacho F.A., walikaa na kutoa azimio. Walisema mchezo wa mpira hauwafai wanawake, wala haifai kuwatia moyo kuucheza. Tena walilalamika juu ya matumizi ya fedha zilizokusanywa kwa ajili ya sadaka. Kisha wakaziagiza klabu zote zilizo chini ya F.A. zisiwape wanawake viwanja vyao.

Hapa naomba msikilize kwa makini, maana ndipo penye fundisho. Hakuna sheria ya serikali iliyopitishwa. Hakuna askari aliyetumwa kukamata mtu. Hakuna mwanamke aliyeambiwa kwamba akicheza atafungwa. Chama kilifunga milango ya viwanja tu, na hilo lilitosha. Timu za wanawake zilikuwa zikichezea viwanja vya kuazima, na wahenga walikwisha sema: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tena katika kikao kile kilichokata shauri hapakuwa na kura hata moja ya wanawake waliokuwa wakicheza. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamelipa kuwatazama, lakini mtazamaji analipa mlangoni, na akiisha kutoka hana neno tena juu ya klabu.

Wanawake hawakukubali kukaa kimya. Katika Desemba ile ile walianzisha chama chao wenyewe, lakini kwa kukosa viwanja vikubwa na fedha hakikudumu. Mwaka 1922 Dick, Kerr walisafiri hadi Marekani, na huko wakacheza na timu za wanaume. Baadaye timu ikabadili jina na kuitwa Preston Ladies, ikaendelea kuchezea viwanja vidogo mpaka mwaka 1965, ilipovunjika. Marufuku ya F.A. ikaondolewa karibu miaka 50 baada ya kuwekwa, na mwaka 2008 F.A. ikawaomba radhi wanawake. Radhi ni jambo jema. Lakini msichana aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1921 alikuwa bibi kizee marufuku ilipoondoka. Nani atamrudishia miguu yake ya ujana?

Basi tutazame dawa, na dawa yenyewe ilikuwa imechipuka karibu na Preston, mbali kabla ya mambo hayo. Mji wa Rochdale wakati ule ulikuwa katika jimbo lile lile la Lancashire. Mwaka 1844 watu 28, wengi wao mafundi na wafumaji wa nguo, walichanga fedha kidogo kidogo wakafungua duka lao. Waliuza unga, siagi na sukari. Kanuni yao kubwa ilikuwa kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka fedha nyingi au kidogo, na wanawake nao waliweza kuwa wanachama. Sisi Afrika Mashariki kanuni hii twaijua. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoandikisha chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1933, walikuwa wakifuata njia iyo hiyo ya Rochdale.

Sasa twende kusini ya Uingereza, katika mji mdogo wa Lewes, tuone kanuni ya duka ilivyoingia katika mpira. Klabu ya Lewes iliundwa mwaka 1885, na kiwanja chake huitwa Dripping Pan. Wachezaji wake huitwa kwa jina la ndege wa jamii ya kunguru. Timu ya wanawake ilianzishwa mwaka 2002. Baadaye klabu iliingia katika shida kubwa ya fedha, na mwaka 2010 ikafanywa mali ya watu. Mtu hulipa ada, naye huwa mmoja wa wenye klabu. Hana ruhusa ya kujinunulia kura kumi kwa sababu ana fedha mara kumi. Kura ni moja kwa kila mtu, na faida haigawanywi kwa wenye klabu, bali hurudi katika kazi ya klabu.

Matunda yake yalionekana mwaka 1917 ulipotimiza miaka mia. Katika Julai 2017 Lewes walitangaza kwamba timu ya wanawake na timu ya wanaume zitapewa fungu sawa la fedha, kuanzia mishahara ya wachezaji hadi makocha na vifaa. Timu zote mbili zingetumia kiwanja kile kile. Yalikuwako maneno kwamba wanaume wataangushwa na mpango huo. Lakini mwaka uliofuata, 2018, timu ya wanaume ilipanda daraja, na timu ya wanawake ikakubaliwa kuingia daraja la pili la Uingereza nzima.

Lakini somo la historia si hadithi ya kubembelezea mtoto, na sitawaficha upande wa pili. Klabu tajiri nazo ziliamka na kuanza kumimina fedha katika mpira wa wanawake. Katika Machi 2023 Lewes walifika robo fainali ya Kombe la F.A., wakawakaribisha Manchester United pale Dripping Pan, wakashindwa mabao 3 kwa 1. Mwaka ule ule likaja shauri la wawekezaji wa nje waliotaka kuichukua timu ya wanawake kwa sehemu kubwa. Lilijadiliwa, na mwisho halikutimia. Mwaka 2024 timu ikashuka hadi daraja la tatu. Kuwa mali ya watu hakukuwapa Lewes mfuko usio na mwisho.

Kumewapa nini, basi? Kumewapa kiti katika kikao. Jambo kubwa kama lile la wawekezaji linapozuka, mwenye klabu ana haki ya kuuliza, kukataa na kupiga kura. Wanawake wa Preston waliujaza uwanja wa Goodison Park kuliko klabu nyingi za wanaume, lakini siku ya shauri walikuwa nje ya mlango. Timu ya Lewes inaweza kushindwa uwanjani, na imeshindwa mara nyingi. Kufungiwa mlango na watu wasiowajibika kwake ni jambo jingine, na hilo ndilo ambalo kura moja moja ya wenye klabu imewekwa ilizuie.

Sasa, kabla hamjatawanyika, zungumzeni maswali haya:

1. Kwa nini F.A. haikuhitaji sheria wala askari ili kuzuia mpira wa wanawake mwaka 1921?

2. Kuna tofauti gani kati ya mtu anayelipa kiingilio na mtu aliye mmoja wa wenye klabu?

3. Tajiri akitaka kuinunua klabu ya watu iliyopungukiwa fedha, wenye klabu wafikiri nini kabla ya kupiga kura?

4. Katika mtaa au kijiji chenu, kiwanja cha mpira ni mali ya nani, na wasichana wakitaka kukitumia humwomba nani ruhusa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.