Doudou na Mama Wakwe Zake

Doudou na Mama Wakwe Zake (kwa Kichina: *Xifu de Meihao Shidai*) ni tamthilia ya televisheni kutoka China iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Nchini Tanzania ilionyeshwa mwaka 2011 na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Inamhusu Mao Doudou, mke kijana wa mjini Beijing. Wazazi wa mumewe walitalikiana na baba akaoa tena, hivyo Doudou ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha.

Kwa kuwa wahusika husikika wakizungumza Kiswahili, hata mtazamaji asiyejua kusoma aliweza kuufuata ugomvi huo wa ukweni, tofauti na tamthilia zenye tafsiri ya maandishi tu.

Mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam.