Mlio wa Injini Ujao na Kutoweka katika Gari la Masafa Mengi

Mlio wa injini ujao na kutoweka ni sauti isiyokuwa ya kawaida, iwe ya kugonga, ya kukwaruza, ya kutatarika au ya kulia kwa wembamba, isikikayo katika injini ya gari kwa vipindi, kisha ikanyamaa pasipo kutengenezwa kitu. Ni katika ila zilizo ngumu mno kuchunguzwa, wala si kwa kuwa sababu zake ni ngeni, bali kwa kuwa aghalabu gari likifikishwa kwa fundi huwa kimya, na mwenyewe hubaki kuiga kwa kinywa sauti ambayo fundi hajapata kuisikia. Katika gari lililokwisha kutembea kilomita 200,000 na zaidi taabu huzidi, maadamu karibu kila kiungo kimelika kwa kadiri yake, na milio miwili au mitatu huweza kukutana katika injini moja, mmoja ukaufunika mwingine.

Asili yake

Injini imejaa viungo vya chuma vinavyopitana kwa nafasi ndogo mno, na nafasi hiyo hujazwa oili. Baina ya konrodi na kranki, mathalan, nafasi ya injini mpya ni sehemu chache tu za mia za milimita moja. Ikizidi, utando wa oili hauwezi tena kukitenga chuma na chuma, na hapo mshindo huanza. Lakini nafasi hiyo haikai katika kipimo kimoja. Pistoni ya aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya silinda ya chuma cha kalibu ambamo pistoni hiyo imo, oili huwa nzito asubuhi na nyepesi adhuhuri, na uzito unaobebwa na injini hubadilika kwa kila mlima na kila gia. Kwa hiyo kuja na kutoweka kwa mlio si jambo la ajabu, bali ndiyo dalili yenyewe, na fundi aliye hodari huuliza kwanza mlio huja lini, kabla ya kuuliza unatoka wapi.

Nyakati za mlio

Mlio usikikao injini ikiwa baridi, kisha ukapungua kadiri inavyopata moto, aghalabu hutoka kwa pistoni iliyolegea katika silinda yake, nao hufanana na mtu agongaye debe tupu. Gari lenye mlio huu huweza kutembea miaka mingi bila madhara makubwa. Namna hiyo hiyo hufanya mwanya wa ekzosi pale inaposhikana na silinda hedi: moshi hupenya kwa mlio mwembamba wa kugongagonga, watu wakadhani ni tapeti, mpaka chuma kitanuke na kuuziba mwanya, wakasema gari limepona.

Tapeti ziendeshwazo kwa nguvu ya oili zina desturi yao nyingine. Gari likilala usiku kucha, oili huteremka chini, na asubuhi tapeti hulia kwa sekunde chache mpaka oili ipande tena. Ikiwa sekunde hizo zimekuwa dakika, hutazamwa kwanza filta ya oili, kwa kuwa filta duni isiyokuwa na kizuizi cha ndani huiacha oili yote irudi. Cheni ya taimingi nayo hulia wakati huo huo, kwa mlio wa kukwaruza mbele ya injini, hususan katika injini ambazo kikaza-cheni chake husukumwa na oili, kama ile 1NZ-FE ya Toyota iliyomo katika Vitz na Probox nyingi. Cheni iliyorefuka haifai kuachwa.

Kinyume cha hayo, mlio ambao asubuhi haupo, ukaja gari lilipokwisha kupata moto na oili kuwa nyepesi, ndio wa kuhadhariwa. Beringi ya konrodi iliyolika hugonga kwa mshindo mkavu na mzito, unaosikika zaidi dereva anapoachilia mafuta baada ya kukanyaga, nao huzidi siku hadi siku hata injini ikanoki. Beringi kuu za kranki hutoa kishindo kizito zaidi, kinachotoka chini kabisa, gari linapovuta mzigo. Fauka ya hayo upo mlio ujao katika kona na katika breki tu, ambao mara nyingi maana yake ni kwamba oili imepungua katika sampu na pampu huvuta hewa. Huu dawa yake ni kutazama kijiti cha oili, jambo ambalo wenye magari wengi hulikumbuka mwisho.

Kasi ya mlio nayo ni shahidi. Katika injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili. Basi injini ikiwa inazunguka mara 800 kwa dakika, vali moja yenye kasoro hugonga mara 400, na mgonjwa aliye katika kranki hugonga mara 800. Sikio lililozoea hulipambanua jambo hili bila ya kuhesabu.

Kugonga kwa petroli

Si kila mshindo ni wa chuma kilicholika. Petroli ikiwaka ovyo kabla ya muali wa plagi kuifikia, hutoa mlio mkali wa kengele-kengele injini inapokokota mzigo, nao hunyamaza mara dereva anapolegeza mguu. Injini ya masafa mengi huelekea zaidi kupatwa na hali hii, kwa kuwa masizi yaliyoganda juu ya pistoni hupunguza nafasi ya silinda na kuhifadhi joto.

Historia ya ila hii imeandikwa kwa tafsili zaidi kuliko nyingine zote. Katika Uingereza, Harry Ricardo aliichunguza kwa kina, na katika Marekani Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Charles Kettering katika General Motors, aligundua mnamo Desemba 1921 kwamba risasi iliyochanganywa na petroli huunyamazisha mlio huo. Petroli ya risasi ilianza kuuzwa mjini Dayton, Ohio, mwaka 1923, na mwaka uliofuata wafanyakazi kadha wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walirukwa na akili na wengine wakafa kwa sumu yake. Walakini biashara iliendelea kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1926 Graham Edgar alileta kipimo cha oktani, cha kupimia ustahimilivu wa petroli dhidi ya kugonga huko, ambacho kimewekwa baina ya hepteni, yenye daraja 0, na isooktani, yenye daraja 100. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliafikiana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeiacha; Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021.

Mahali nako kuna athari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hupunguza mgandamizo ndani ya silinda. Kwa hiyo gari lililonyamaa huko huweza kuanza kulia katika joto la Mombasa kwa petroli ile ile, na fundi wa pwani akatuhumiwa bure. Tangu miaka ya 1980 magari mengi yamewekewa kihisi kinachosikia kugonga huku na kuuchelewesha muali wa plagi. Katika injini iliyochoka, kihisi hicho huweza kudanganywa na mshindo wa chuma, gari likapoteza nguvu bila sababu ionekanayo.

Sikio na ala zake

René Laennec alibuni kipimo cha kusikilizia kifua mjini Paris mwaka 1816, na mafundi wa injini wamekirithi: wapo wenye kipimo chenye ncha ya chuma, na wengi zaidi hutumia bisibisi ndefu, ncha yake juu ya injini na mpini wake sikioni, au kipande cha mpira wa maji kwa milio ya hewa. Hadhari ni kwamba chuma hupeleka sauti mbali, na mshindo wa silinda ya pili huweza kusikika kwa nguvu juu ya silinda ya nne.

Jaribio lenye yakini zaidi ni kuizima silinda moja moja, kwa kuchomoa waya wa plagi, au katika magari ya sasa kwa kuchomoa soketi ya injekta. Mshindo ukilegea silinda fulani inapozimwa, kosa ni la pistoni au konrodi ya silinda hiyo. Usipobadilika, hutafutwa penginepo. Baadaye hupimwa nguvu ya oili kwa geji halisi, wala si kwa taa ya dashibodi, ambayo huwaka mambo yakiwa yamekwisha haribika, na filta kuukuu hupasuliwa ili kutazama iwapo ina vumbi la chuma.

Milio ya nje ya injini

Feni belti iliayo hunyunyiziwa maji kidogo ili kuijaribu. Ikinyamaza kisha ikarejea, huenda puli hazikulingana, na ikizidi kulia, imelegea. Mlio unaofuata kuwashwa kwa kiyoyozi ni wa kompresa. Bati la kukinga joto la ekzosi hutetema katika mwendo mmoja tu wa injini. Sahani iunganishayo kranki na gia otomatiki, ikipasuka, huigiza mshindo wa konrodi.

Masafa marefu mashuhuri

Irv Gordon, mwalimu wa sayansi katika jimbo la New York, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kuifikisha maili milioni 3 mwaka 2013. Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Thessaloniki, aliitembeza Mercedes-Benz 240D kilomita milioni 4.6 kabla ya kuitoa kwa makumbusho mwaka 2004, ijapokuwa injini zake zilibadilishwa zaidi ya mara moja. Hivyo masafa ya gari si lazima yawe ya injini.

Katika Afrika ya Mashariki

Magari mengi ya eneo hili huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na Kenya hairuhusu yanayozidi umri wa miaka 8. Namba za dashibodi huweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road mjini Nairobi husadiki zaidi masikio yao. Kufungua injini na kuchonga kranki ni kazi ghali, na wengi huona nafuu kununua injini nyingine iliyotumika, iletwayo kutoka Japani au Dubai, ambayo nayo haina tarihi ijulikanayo.

Desturi mbaya iliyoenea ni kumimina oili nzito, kama 20W-50, katika injini iliyotengenezewa oili nyepesi, ili mshindo unyamae. Hunyamaa kweli, kwa wiki au miezi, lakini oili hiyo huchelewa kufika katika cheni na kamshafti asubuhi, na dalili ambayo fundi angeifuata huwa imefutwa. Wauzaji wasio waaminifu hufanya hivyo siku ya kuuza, tena huiwasha injini mapema ili milio ya baridi ipite kabla ya mteja kuwasili. Ndiyo sababu wanunuzi wazoefu hugusa boneti kwanza, nayo ikiwa na moto, huahirisha mapatano hadi kesho yake asubuhi.