Vinundu vya Kunde na Maji Yaliyochemshwa

Ng'oa mkunde ulioanza kutoa maua, suuza mizizi yake taratibu, utaona vinundu vidogo vimeishikilia. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu kama wa damu, bakteria waliomo wako kazini: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kukiwa kijivu au kijani, kazi imesimama.

Kwamba mikunde hairutubishwi na ardhi tu bali nayo huirutubisha, wakulima walilijua tangu enzi za Warumi. Sababu ndiyo iliyowashinda wataalamu. Mwaka 1838 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alipima akaona njegere zinajiongezea naitrojeni na ngano haijiongezei. Inatoka wapi? Wakabishana karibu nusu karne.

Jibu lilipatikana Bernburg, Ujerumani, ndani ya vyungu vya mchanga. Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walipanda nafaka na njegere kwenye mchanga usio na naitrojeni. Nafaka zilikua kwa kadiri ya naitrojeni ziliyopewa. Njegere hazikutabirika: chungu hiki zimedumaa, cha jirani zimestawi. Wakaloweka udongo wa shamba, wakamimina maji yake kwenye njegere, zikanawiri. Maji yaleyale yalipochemshwa kwanza, hayakusaidia kitu. Basi kilichokuwamo kilikuwa na uhai, na moto ulikiua. Walitangaza matokeo hayo Berlin mwaka 1886. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Jaribio hilo la Bernburg ningependa lifanywe katika kila sekondari yetu: linahitaji vyungu, mchanga, njegere na sufuria.

Biashara haikuchelewa. Mwaka 1896 Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walipata hataza ya Nitragin, bakteria wa kupaka mbegu. Lakini bidhaa yenye uhai hufa, na mavuno ya mwanzo hayakulingana na matumaini. Kisha mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kutengeneza amonia kutokana na hewa, na mbolea ya viwandani ikateka macho ya dunia.

Kwa bakteria wa kupaka mbegu, Afrika Mashariki haikukaa kando. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilitengeneza Nitrosua kwa ajili ya soya. Chuo Kikuu cha Nairobi kikatoa Biofix. Matumizi ya bidhaa hizi ni mepesi: mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari au gundi, huchanganywa na unga wenye bakteria kivulini, na kupandwa siku hiyohiyo.

Kinachoniuma ni njia ya kuufikia mkono wa mkulima. Pakiti ikikaa dukani chini ya bati la moto, jua linafanya kazi ileile iliyofanywa na moto kule Bernburg. Mkulima anapanda, haoni tofauti, anaamua kwamba ametapeliwa, na msimu unaofuata hanunui tena. Wanaoleta bidhaa hii vijijini wanapaswa kuibeba na kuitunza kama chanjo ya kuku, na tarehe ya mwisho ya matumizi iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.